Benchi Linasikia

Tarehe 4 Februari

Kwako Chiriku, binti wa dada yangu,

Kaa chini kwanza ndipo usome, maana mwenye mimba hapewi habari kubwa akiwa amesimama. Hospitali ya wazazi ya hapa kwetu imefika mwisho wa akili zake, ikaniita mimi. Haikumwita daktari bingwa wala waziri. Gari la hospitali lilinifuata mpaka karakana (sawa, lilikuwa limeleta viti vibovu, lakini lilinifuata), akashuka Mkunga Mkuu mwenyewe na kusema, "Fundi, tuna jambo, na mtu wa kulimaliza ni wewe." Nikamwambia, "Mama, niite Injinia, tuanze vizuri."

Kazi yenyewe ni hii. Wanataka chumba kidogo pembeni ya ukumbi wa kliniki, pale wajawazito wanapongojea kupimwa. Humo mkunga atakaa na mama mmoja mmoja amuulize habari za moyo. Si mapigo, mapigo wana chombo chao. Amuulize analalaje, anacheka au hacheki, anaogopa nini. Mkunga Mkuu anasema huzuni na wasiwasi huwapata wajawazito na waliojifungua kuliko watu wanavyodhani, ni ugonjwa kama magonjwa mengine na una tiba, ila hauonekani kwenye damu wala mkojo. Hujulikana kwa kuulizwa. Sasa fikiria: hospitali nzima, ghorofa juu ya ghorofa, imeshindwa na ugonjwa kwa kukosa ukuta wa mbao! Nikamwambia, ukuta uko kichwani kwangu tayari, ni kuuteremsha tu.

Wewe unanijua. Mimi ndiye niliyetengeneza lile kabati la mkuu wa polisi ambalo mwizi aliingia kujificha, akashindwa kutoka, akabaki anagonga akiomba akamatwe. Chumba ni kitu gani kwangu.

Haya, habari za huko? Tumbo limefikia wapi? Mumeo na lori lake wako safari gani? Mama mkwe hajambo? Uliniomba tuandikiane badala ya simu kwa sababu nyumba ni ndogo na mimi kwenye simu nasikika mpaka kwa jirani. Sikubishii, hii sauti ni ya ukoo. Lakini basi andika! Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama risiti. Jina la Chiriku nilikupa mimi, enzi zile ulipokuwa ukiongea mpaka usingizini, na marehemu mama yako akiniuliza, "Kaka, huyu huzimwa wapi?" Usinilazimishe kukubadilishia jina ukubwani.

Mjomba wako,
Injinia


Tarehe 15 Februari

Shikamoo Mjomba,

Hongera kwa kazi ya hospitali. Marehemu Mama angesema umepata pa kupigia kelele.

Sisi wazima. Tumbo limeingia mwezi wa nane. Mume wangu anakuja, analala, anaamka, anaondoka. Barabara ndiyo mke mkubwa. Mama mkwe hanitupi. Hata kliniki tunakwenda wote, anaingia nami mpaka ndani, kadi anashika yeye. Muuguzi akiuliza, "Mama, unajisikiaje?" yeye hudakia, "Huyu hana neno, anakula vizuri." Kwa hiyo mimi sina kazi ya kujibu.

Cherehani nimeifunika. Mkono hauji tu. Wateja wa mapazia nimewaambia wangoje mpaka nijifungue. Siku hizi nafanya usafi, na kukagua mtungi wa gesi. Naukagua, naondoka, narudi kuukagua tena. Mama mkwe anacheka, anasema nyumba hii haitaungua mpaka kiama. Nikijilaza naweka mkono tumboni, nangoja mtoto acheze. Akicheza, nangoja tena, labda lile lilikuwa la mwisho.

Lakini hayo ni mambo ya mimba, yatapita. Wewe endelea na chumba chako.

Mwanao,
Chiriku


Tarehe 27 Februari

Chiriku wangu, marahaba,

Kumbe umekuwa mkaguzi wa gesi! Safi sana, hilo ni jicho la ukoo. Bibi yako alipokuwa na mimba yangu alikagua paa la nyumba kila jioni kwa ngazi, wakamkataza, akapanda. Ndiyo maana mimi siogopi kimo. Na cherehani iache ipumzike, mwanamke hakuumbwa na pedali miguuni.

Sasa sikia habari yenyewe. Chumba kimekwisha! Plaiwudi nyororo, rangi ya maziwa, dirisha dogo juu la kupitisha hewa. Mlango bado, wamesema pazia litatosha kwa sasa. Nami kwa akili zangu nikaona nafasi ni ndogo, nikaliegemeza benchi la wanaongojea kwenye ukuta huohuo wa chumba. Ndege wawili kwa jiwe moja, na jiwe ninabaki nalo.

Na matokeo, mwanangu, matokeo! Nilikuwa pale nje nikipiga randa miguu ya benchi, nikasikia kwa masikio yangu. Mkunga anauliza, "Mama, siku hizi unapata raha ya mambo uliyokuwa ukiyapenda?" "Ndiyo." "Wasiwasi je?" "Sina." "Umewahi kujiona huna tumaini?" "Mimi? Aka!" Anaingia mwingine: salama. Mwingine: salama. Salama, salama, kama watu wanaoitikia dua. Tangu chumba kisimame hajapatikana hata mama mmoja mwenye huzuni! Mkunga Mkuu amenuna, sijui kwa nini. Nimemwambia, "Mama, wewe ulitaka chumba cha kuulizia ugonjwa, mimi nimekujengea kinachouponya kabisa." Akaniangalia kama mtu aliyemeza kokwa.

Nafikiria kuchonga jina langu juu ya mlango, huo mlango ukipatikana.

Mjomba wako, mponyaji,
Injinia


Tarehe 9 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, na nilikuwa nimesahau kucheka, kwa hiyo ahsante. Mara ya pili nilikasirika, nisijue kwa nini, mpaka nilipokwenda kliniki nikaketi kwenye benchi la huku.

Wote salama, Mjomba? Wote? Foleni nzima ya wanawake wenye miguu iliyovimba, wengine waume zao hawajulikani walipo, wengine walishawahi kuzika mtoto, na hakuna hata mmoja mwenye wasiwasi?

Nikuulize swali la kijinga. Wewe uliwasikiaje? Ulikuwa nje, na randa mkononi. Kama wewe uliwasikia, basi aliyeketi benchini, kisogo kimeegemea huo ukuta wako wa rangi ya maziwa, alisikia mpaka pumzi. Naye ni jirani yao. Au wifi yao. Au mama mkwe. Na kuhusu pazia usinifundishe, mimi ndizo kazi zangu: pazia huzuia jua, halizuii neno.

Hujawaponya. Wanajua benchi linasikia.

Mimi pia niko salama. Ndivyo ninavyosema kila nikiulizwa, na nikichelewa kujibu, nasemewa.

Uvunje ukuta huo, Mjomba.

Chiriku


Tarehe 18 Machi

Chiriku,

Tangu nishike msumeno sijapata kutukanwa kazi yangu na mtu ambaye nilimfuta kamasi. Barua yako niliitupa juu ya rafu, nikapiga misumari kutwa kwa hasira. Kesho yake nikaenda hospitali kukuthibitishia kuwa umekosea.

Nikamwomba yule mama anayepiga deki aingie chumbani aongee kwa sauti yake ya kawaida. Mimi nikaketi benchini katikati ya wajawazito, mguu juu ya mguu, nangoja kushinda. Akaanza: "Huyu fundi anayejiita Injinia alimtengenezea shemeji yangu kitanda. Kilianguka siku ya harusi." Benchi zima likaangua kicheko. Mama mmoja akashika tumbo akasema, "Jamani, mtanizalisha hapa!" Kitanda kile kilianguka kwa ubovu wa sakafu, lakini hilo tuliache.

Nikaenda kwa Mkunga Mkuu, kofia mkononi. Nikamwambia ukuta una kasoro. Akaniuliza, "Umegundua mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Utanisamehe.

Nimeubomoa wote. Sasa una mbao pande mbili, na katikati nimeshindilia sifongo za magodoro yaliyochakaa wodini. Mlango ni mlango kweli, mzito, na pembeni nimeuvika mpira. Benchi nimelihamishia ng'ambo ya ukumbi, karibu na mizani. Mkunga Mkuu naye ametoa amri yake: anayemsindikiza mama, awe dada, awe mume, awe nani, anabaki benchini.

Mama wa kwanza aliingia huku akitaniana na dada yake. Mlango ukafungwa. Sikusikia kitu. Alikaa humo mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Alipotoka alikuwa amelia, lakini alitembea kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Mkunga Mkuu akasimama mlangoni, akaniangalia, hakununa.

Basi nikabaki pale na nyundo yangu, na maneno yako yakanirudia. "Nikichelewa kujibu, nasemewa." Cherehani imefunikwa. Gesi inakaguliwa na kukaguliwa. Unangoja mtoto acheze, akicheza unangoja tena. Uliniandikia yote hayo, nami nikakupongeza! Nyumba njema si mlango, na mimi nimekuwa nikisifia mlango tu.

Nikamuuliza Mkunga Mkuu, mtu akiwa mbali anaulizwaje? Akasema, "Kwa maneno mepesi, bila utani. Halafu unanyamaza." Mimi, kunyamaza! Haya. Ninakuuliza, binti wa dada yangu, na hapa hakuna wa kukujibia:

Je, bado unapata raha ya vitu ulivyovipenda? Je, wasiwasi unakutawala kiasi cha kushindwa kuuweka chini? Je, unajiona huna tumaini? Je, umewahi kuwaza kujidhuru, au kwamba ingekuwa heri usiwepo? Hili la mwisho sema hata ukiona aibu.

Nimenyamaza.

Mjomba wako


Tarehe 4 Aprili

Mjomba,

Nimejifungua. Msichana, mzima, ana nywele kama kofia. Kila anayeingia anasema mzuri. Ndiyo maana jibu limechelewa, lakini si hiyo tu.

Raha: hapana. Wasiwasi: kila siku, unaamka kabla yangu. Tumaini: nilikuwa nalo, sijui nililiweka wapi.

Walipomlaza kifuani kwangu nikangoja. Watu husema upendo hufunguka kama bomba. Langu lilikohoa hewa tu. Namnyonyesha, namwogesha, nambadilisha, kama niliyeajiriwa kulea mtoto wa watu. Akilala naogopa amekufa, naweka kidole puani mwake. Akiamka natamani angelala bado, halafu najichukia kwa kutamani. Mama mkwe ananiambia, "Furahi, mwanangu, wenzako wanatafuta mtoto hawapati." Ni kweli. Ndiyo inayonifunga mdomo. Nina mtoto mzima, mume mwema, mama mkwe anayenipikia na kunifulia, halafu naingia bafuni nalia huku maji yanamwagika ili yasikike maji tu.

Swali la mwisho. Ndiyo. Jana niliwaza kwamba wangekaa vizuri zaidi bila mimi. Niliwaza kwa muda mrefu, kwa utulivu, kama mtu anayepanga vyombo. Nadhani sitafanya kitu. Usimwambie mtu, Mjomba. Nimekwambia wewe kwa sababu uko mbali.

Chiriku


Tarehe 5 Aprili

Mwanangu,

Leo hakuna hadithi.

Barua yako imeteremka na basi la asubuhi. Uliniomba nisimwambie mtu. Nimekataa. Barua hii itakapokufikia utakuwa umeshajua kwamba nimekataa, na ninataka ujue kutoka kwangu kwa nini.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mkunga Mkuu. Barua sikumpa. Nilimwambia la mwisho tu. Akaacha alichokuwa akifanya. Akasema hiyo si roho mbaya wala utovu wa shukrani, ni ugonjwa, unawapata na wanaowapenda watoto wao, na unatibika. Lakini mtu akifika hapo haachwi peke yake, wala haingojwi siku yake ya kliniki. Amempigia mkunga wa kliniki yako mbele yangu. Wanakungoja leo hii.

Kisha nikampigia mama mkwe wako. Nikamwambia, "Dada, binti yetu anaumwa ugonjwa wa uzazi, wa ndani. Naomba umpeleke kliniki sasa hivi, usimwache peke yake hata kidogo, na mkifika, aingie mwenyewe." Akasema, "Anaumwa nini? Mimi niko naye humu ndani, hana neno!" Nikamwambia hilo hilo "hana neno" ndilo ninalokuomba uliache nyumbani. Akasema, "Wewe fundi wa makabati unanifundisha mimi kulea?" Nikasema, "Ndiyo, dada, leo ninakufundisha, na kesho unitukane." Akakata simu. Nikapiga tena. Akakata. Nikapiga tena. Aliponipokea nilisikia mlango unafungwa na yeye anakuita ujifunge mtoto.

Maneno yako mengine sikumpa. Hayo ni yako, utayatoa ukitaka na kwa unayemtaka.

Nikasirikie utakavyo. Hasira yako naimudu. Wazee walisema mficha uchi hazai. Na wewe umeshazaa, usianze kuficha sasa.

Mjomba wako


Tarehe 9 Aprili

Kwa fundi,

Mimi si mtu wa kuandikiana na wanaume, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Ulinipigia kelele kwenye simu mpaka paka akatoka nje. Nami nilikuita majina. Mengine nayafuta, mengine nayaacha.

Nilimpeleka siku ileile. Tulipofika mkunga akanizuia mlangoni, akasema, "Mama, tunaomba ubaki hapa na mjukuu." Nikamwambia habari zake zote ninazo mimi, tangu mimba ikiwa changa. Akasema, "Tunajua, mama. Leo tunataka zake mwenyewe."

Nikaketi benchini. Mlango ukafungwa. Fundi, nimezika mume, nimejenga nyumba peke yangu, lakini sijapata kukaa mahali pagumu kama pale. Miezi yote ile nilimjibia. Msichana hana mama, ni mpole, nikaona nimbebee. Kumbe kila niliposema "hana neno" nilikuwa nalirudisha neno kooni mwake.

Alitoka macho mekundu. Swali lilinifika kwenye meno, nikalimeza. Nikamwambia tu, "Twende nyumbani, mtoto nitambeba mimi." Njiani akaniegemea bega. Hajawahi.

Daktari amempa vidonge, akasema ni vile vinavyomfaa anayenyonyesha, na kwamba havifanyi kazi kwa siku moja, tuvumilie. Vinakaa kwangu, ninampa mimi. Kila wiki anakwenda kwa mshauri, wanafungiana mlango wanaongea. Mwanangu nimempigia ageuze lori. Akasema kuna mzigo. Nikamwambia mzigo uko hapa nyumbani. Amegeuza. Sasa yeye ndiye anayemlaza mtoto kifuani ili mama yake apate usingizi. Sijamwacha mkamwana wangu peke yake, na sitamwacha mpaka waliosoma waniambie.

Na lingine. Uliniambia "binti yetu". Sikulijibu siku ile. Nalijibu leo: ndiyo.

Bibi wa mtoto


Tarehe 27 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nilikasirika. Nataka ulijue hilo kwanza. Nilipoona mama mkwe anafunga mlango na kuniambia twende, nilijua umesema, na njia nzima nilikuwa nakutukana kimoyomoyo kwa maneno ambayo Mama angenipiga.

Mkunga wa huku ni msichana mdogo, kucha zimekatwa, sauti ndogo. Aliniuliza yale maswali yako, karibu neno kwa neno. Nikafungua mdomo kusema salama. Kisha nikaangalia ukuta, kwa mazoea uliyoniletea wewe. Ni wa matofali, mnene. Nikasema yote.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonishangaza, Mjomba. Nilikuwa nimeficha kitu ambacho yeye amekwisha kukisikia kwa wengine, akanipa leso na kuniambia, "Tutaanza na usingizi."

Sijapona. Sitaki uwaambie watu wa hospitali yako kwamba umeniponya na mimi. Kuna siku vidonge vinanifanya mdomo mkavu, na kuna siku giza lile lile linarudi. Lakini nimeamua. Nakwenda kwa mshauri kila wiki, mvua ikinyesha nakwenda, nikiwa sitaki ndipo nakwenda haraka. Mama mkwe ananisindikiza na anaketi benchini kama mtuhumiwa. Jana muuguzi wa mizani alimuuliza, "Mama, mkamwana hajambo?" Akasema, "Muulize mwenyewe, ana mdomo."

Nikacheka. Mtoto akageuka kutafuta sauti. Mjomba, alikuwa anaitafuta sauti yangu.

Njoo unione. Ila hadithi ziache huko. Nataka mtu wa kunisikiliza tu, na watu wa humu ndani wananisikiliza huku wameshika pumzi, naogopa kuwavunja.

Chiriku


Tarehe 6 Mei

Chiriku,

Hasira yako imefika salama, nimeitundika ukutani.

Nakuja Jumamosi. Hadithi zote nimezifungia kwenye kabati karakana, na unajua makabati yangu, hakitoki kitu.

Mjomba wako


Tarehe 2 Juni

Shikamoo Mjomba,

Nimechelewa kukushukuru kwa sababu nimerudi kwenye cherehani. Mapazia ya watu yalikuwa yananisuta. Nashona kidogo, napumzika, mtoto yuko kando kwenye kikapu ananiangalia kama msimamizi. Wasiwasi bado huja. Gesi nakagua, mara moja, kisha naketi juu ya mikono yangu mpaka hamu ya kurudi ipite. Mshauri ndiye aliyenifundisha. Inapita, Mjomba. Kila mara inachukua muda mfupi zaidi.

Nataka nikwambie habari ya ile Jumamosi. Ulipoketi kwenye kochi nilifikiri, haya, sasa ataanza za mwizi na kabati. Hukuanza. Nikaanza mimi. Niliongea kama zamani, tangu mama mkwe alipokwenda sokoni mpaka aliporudi. Nawe ulifumba macho, ukainamisha kichwa, na kila nilipofika pagumu uliguna taratibu, kama mtu anayebeba upande mmoja wa kabati zito. Hukunikatiza. Hukunipa ushauri. Hukuniambia kuna wenye shida kuliko zangu.

Kwa hiyo nikaendelea mpaka lile jambo la siku mtoto alipokuwa na wiki moja, ambalo sikuwahi kumwambia mtu ila mshauri. Sasa mnalijua nyinyi wawili tu. Baada ya kulisema nilisikia njaa. Njaa ya kweli, ya chakula. Nilikwambia, "Basi Mjomba, ndiyo hivyo," nawe ukainua kichwa ukasema, "Ndiyo, mwanangu, ndiyo," ukanishika mkono.

Mume wangu nimemwambia ajifunze kusikiliza kama Mjomba.

Mwanao,
Chiriku


Tarehe 10 Juni

Chiriku, binti wa dada yangu, marahaba,

Barua yako nimeisomea hospitali nzima. Yaani sehemu ya cherehani na ya kikapu. Nyingine nimeifunika kwa kidole. Mkunga Mkuu amefurahi mpaka akaniita Injinia mbele ya watu, mama wa deki ni shahidi. Sasa wanataka nijenge chumba cha pili, wodini kwa waliokwisha kujifungua, maana wamegundua kwamba maswali hayatakiwi kukoma mtoto akitoka. Hospitali nyingine mbili zimeuliza habari za ukuta wangu. Fundi wa mojawapo alikuja na kamba ya kupimia, akapima, akaguna, akaondoka bila kuaga. Huyo anataka kuiga. Aige. Sifongo hana.

Mwambie bibi wa mtoto nimepata salamu zake, na kwamba ile ndoo yake iliyokuwa ikivuja, aliyonipa siku ile niondoke nayo, nimeizibia tundu.

Kuhusu mumeo kufundishwa kusikiliza kama mimi, naomba usubiri kwanza.

Nakuja tena Jumamosi hii. Nitakuja mapema, nikiwa nimelala vya kutosha, na sitakaa kwenye lile kochi. Nitakalia kigoda, kile kisicho na mgongo. Wewe ukiwa na nguvu, na kama moyo unakuruhusu, nitakuomba unisimulie tena tangu pale mume alipogeuza lori mpaka mwisho, pamoja na lile jambo la siku mtoto alipokuwa na wiki moja, ambalo unasema tunalijua mimi na mshauri. Usipotaka kulirudia, hudaiwi. Lakini nisingependa ulale ukidhani tuko wawili wakati yuko mmoja.

Mwanangu, nilisafiri usiku kucha nimesimama, na kochi la mama mkwe wako ni laini mno. Nilikusikia vizuri mpaka kwenye lori, hilo naapa. Baada ya hapo nililala. Yale uliyoyaita kuguna, bibi wa mtoto aliyasikia akiwa getini na kapu lake la sokoni, na aliponisindikiza kituoni aliniambia jina halisi. Nilikuwa nakoroma.

Mjomba wako